Ustahimilivu wa Nani? Uhakiki wa Msamiati wa Mustakabali wa Miji kwa Mfano wa Kolwezi

1.0 Utangulizi

Kwa muda sasa wataalamu wa mipango miji, wafadhili na serikali wamekuwa wakiuzungumzia mustakabali wa miji kwa maneno matatu ambayo yamekwisha kupata makazi katika Kiswahili: uendelevu, ustahimilivu na uchangamano. Maneno haya tunayakuta katika tafsiri za mikataba, katika ripoti za mashirika, na siku hizi katika tasnifu za wanafunzi wetu. Lengo la 11 kati ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, linataka miji iwe jumuishi, salama, stahimilivu na endelevu. Mwaka uliofuata, mkutano wa Quito nchini Ecuador uliidhinisha Ajenda Mpya ya Miji, na msamiati wake ni ule ule.

Makala haya hayakusudii kuyapinga malengo hayo. Ni nani asiyependa mji salama? Swali letu ni la kiisimu na kihakiki: maneno haya yanapoingia katika Kiswahili yanasema nini, yanamsema nani, na yanamwacha nani nje ya sentensi? Tutayapima kwa mfano wa Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, mji wenye komine mbili, Dilala na Manika. Tumeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji uliokaa juu ya shaba na kobalti, na kwa hiyo swali la mustakabali wake si la nadharia tu. Ni swali la kama nyumba fulani itakuwapo mwaka ujao. Pili, ni mji ambamo hati huandikwa kwa Kifaransa ilhali mikutano ya kuwaeleza wakazi hufanyika kwa Kiswahili. Hivyo basi, tafsiri ya neno moja yaweza kuamua kama mkazi ameelewa anachoombwa kukubali.

Hoja yetu ni kwamba maneno haya matatu, yakiachwa katika umbo la nomino, huficha watendaji na watendwa. Yakirudishwa katika vitenzi vyake na kunyambuliwa kama Kiswahili kinavyotaka, yanaanza kusema ukweli.

2.0 Asili ya Maneno

Dhana ya maendeleo endelevu ilienea ulimwenguni baada ya ripoti ya mwaka 1987 ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway. Kwa muhtasari, ripoti ilitaka mahitaji ya kizazi cha leo yatimizwe bila kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kutimiza ya kwake. Kiswahili kilichagua kivumishi endelevu, kutokana na kitenzi endelea, ambacho nacho kimetokana na enda.

Dhana ya pili ina historia nyingine. Mwaka 1973 mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, aliandika kuhusu uwezo wa mifumo ya viumbe, kama vile misitu na maziwa yenye samaki, kupokea misukosuko na bado ikabaki kuwa mifumo ile ile. Baadaye wanauchumi na wapangaji wa miji waliliazima neno alilolitumia. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kuruka na kurudi nyuma, kama ufanyavyo utepe wa mpira ukivutwa na kuachiwa. Kiswahili kililipokea kwa kutumia ustahimilivu. Kitenzi stahimili kimetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kubeba. Mzizi huo huo ndio uliotupa himili, na ndio uliotupa hamali, yule mchukuzi wa mizigo wa bandarini. Tofauti hii si ndogo. Neno la Kilatini linamsema anayerudi katika hali yake. Neno letu linamsema anayebeba. La kwanza huisha mzigo unapoondoka, ilhali la pili hudumu maadamu mzigo ungalipo.

Dhana ya tatu, uchangamano, ina mizizi katika maandishi ya Warren Weaver ya mwaka 1948, ambayo Jane Jacobs aliyatumia katika sura ya mwisho ya kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu miji mikubwa ya Marekani. Jacobs alidai kwamba mji si rundo la mambo yaliyochanganyika ovyo, bali ni mambo mengi yanayotegemeana kwa utaratibu, na kwamba utaratibu huo unaweza kuchunguzwa. Neno letu limetokana na changamana, yaani kuchanganyika na kuingiliana. Wazo la kuingiliana limo. Wazo la utaratibu limebaki nje.

Kuna jambo moja la kisarufi linalofaa kuangaliwa hapa. Tunasema mtu mstahimilivu na watu wastahimilivu bila ulimi kukwama. Lakini hati zinapofika kwenye miji huandika miji stahimilivu, wala si miji mistahimilivu. Upatanisho unaoshika kwa binadamu unalegea kwa mji. Pengine ni mazoea tu ya wafasiri. Hata hivyo, inaelekea kwamba lugha inakumbuka kitu ambacho hati zimekisahau: kwamba anayestahimili, katika maana ya Kiswahili, ni mtu.

3.0 Uendelevu: Ni Nini Kinachoendelea?

Tuanze na endelea. Kitenzi hiki kina maana mbili zinazokaa pamoja: kutokoma, na kusonga mbele. Tukisema mgodi unaendelea, msikilizaji wa Kolwezi anaweza kuelewa kwamba kazi ya mgodi haijasimama. Anaweza pia kuelewa kwamba mgodi unasogea. Katika mji huu maana zote mbili ni sahihi kwa wakati mmoja, kwa sababu mgodi wa wazi hauwezi kutokoma bila kupanuka, na unapopanuka huelekea kwenye nyumba.

Mtaa wa Kasulo ni mfano ulio wazi. Mwaka 2014 iligundulika kwamba chini ya nyumba za mtaa huo mlikuwa na madini ya kobalti. Kwa muda mfupi mashimo yakachimbwa uani, jikoni na hata ndani ya vyumba. Wachimbaji hao, ambao mjini huitwa kwa neno la Kifaransa creuseurs, wengine walikuwa wenye nyumba wenyewe na wengine walilipa ili waruhusiwe kuchimba. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ililikabidhi eneo hilo kwa kampuni ya Congo Dongfang International Mining, iliyo tanzu ya Zhejiang Huayou Cobalt ya Uchina. Mamia ya kaya zikahamishwa, eneo likazungushiwa ukuta, na wachimbaji wakaruhusiwa kuchimba ndani yake na kuiuzia kampuni walichokipata.

Mwaka 2018 jarida la Nature Sustainability lilichapisha utafiti uliofanywa Kasulo na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, ukiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu. Ulionyesha kwamba wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko wakazi wa mtaa wa jirani uliotumika kwa ulinganisho, na kwamba tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa watoto hao zilionekana pia dalili za madhara katika chembe za urithi. Jina la jarida lenyewe linabeba neno tunalolihakiki, na utafiti huo unatuonyesha namna ya kulitumia kwa uaminifu: hauulizi tu kama uchimbaji unaendelea, bali unauliza nini kinaendelea pamoja nao ndani ya mwili wa mtoto.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hii inafaa uchumi wa madini kuliko semi nyingi za mikutanoni, kwa kuwa shaba haioti tena. Kwa hakika sheria ya nchi imelitambua jambo hilo. Sheria ya madini ya mwaka 2002, ilivyorekebishwa mwaka 2018, inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mamlaka za mitaa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Aidha, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Hapa uendelevu umepata hesabu, na hesabu ina faida moja ambayo nomino haina: inaweza kukaguliwa. Mkazi wa Manika anayeambiwa mji endelevu hana la kuuliza. Anayeambiwa asilimia 15 anaweza kuuliza iko wapi.

4.0 Ustahimilivu: Nani Anabeba?

Ili kulipima neno la pili, ni lazima tukumbuke jinsi Kolwezi ulivyojengwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilifuata sera ya kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na familia zao karibu na kazi. Mji wa Kolwezi ulianza mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo ya magharibi ya kampuni hiyo. Kambi, shule, hospitali na posho ya chakula vilitoka mkono mmoja. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke katika mto Lualaba yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kulisha viwanda. Baada ya kampuni kutaifishwa mwanzoni mwa 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, utaratibu huo haukubadilika sana. Mfanyakazi aliiona kampuni kama baba.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliuweka uhusiano huo katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001. Jina hilo limeandikwa kwa Kifaransa, ila linaanza kwa maneno mawili ya Kiswahili chetu cha Katanga: Bana Shaba, yaani wana wa shaba. Sehemu inayofuata inasema kwamba wana hao wametelekezwa na baba yao. Kwa mwanaisimu, jina hilo ni sentensi kamili: lina mtendaji, lina kitendo na lina mtendwa.

Kuanguka kwa baba huyo kunajulikana. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 mji uliporwa na wanajeshi. Mwaka 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wafanyakazi na mafundi wa kampuni, walifukuzwa na majirani zao wakachochewa na wanasiasa. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Kuanzia 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 ambao walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Katika miaka hiyo yote familia za Kolwezi ziliishi. Wanawake walilima, wakauza unga, mkaa na samaki, wakasomesha watoto. Wanaume walirudi kwenye machimbo wakiwa na sururu mahali ambapo zamani walikuwa na mashine. Mtaalamu anayesoma historia hii leo atasema kwamba mji ulionyesha ustahimilivu mkubwa. Kauli hiyo si ya uongo. Lakini inauchukua mzigo uliowekwa na wengine na kuugeuza kuwa sifa ya aliyeubeba. Kiambishi -vu, kama katika mvumilivu au msikivu, hueleza tabia iliyo ndani ya mtu. Hakina nafasi ya kumtaja aliyemtwisha.

Raia wa Kongo wana jina lao wenyewe kwa jambo hili, na jina hilo linamkumbuka aliyetwisha. Wanaliita Article 15, Kifungu cha 15. Inasemwa kwamba msemo huo ulizuka wakati wa kujitenga kwa Kasai ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na unarejelea kifungu cha kubuni cha katiba kinachomwamuru raia ajitafutie mwenyewe. Mzaha huu una ukali kuliko ripoti nyingi. Kwa kuuita kifungu, wasemaji wanakumbusha kwamba kuhangaika kwao hakukutokana na tabia yao; kulitokana na uamuzi wa mamlaka iliyojitoa katika wajibu wake. Yaani, pale ambapo ustahimilivu unamsifu mbebaji, Kifungu cha 15 kinamshtaki mtwishaji. Ni msamiati wa mtaani, na katika jambo hili una usahihi zaidi.

Mtu anaweza kutujibu kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, Kiswahili kimeheshimu uvumilivu tangu zamani. Lakini methali hiyo ina sharti lisilotamkwa. Anayengoja matunda yaive awe na haki ya kuyachuma. Aliyehamishwa kutoka kwenye kiwanja chake hangoji kitu, hata akingoja kwa adabu namna gani.

5.0 Uchangamano: Kisingizio au Ramani?

Neno la tatu hutumika kwa njia mbili zinazopingana. Kwa Jacobs lilikuwa mwaliko wa kuchunguza: kwa kuwa mambo ya mji yanategemeana, fuata uzi mmoja mmoja uone unakwenda wapi. Katika hotuba nyingi za leo limekuwa namna ya kufunga mazungumzo: suala hili ni changamano, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Tuchukue mtaa uitwao Cité Gécamines, katikati ya Kolwezi. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni, na baadaye wengi walizipata kuwa zao. Karibu nao kuna mgodi wa kampuni ya COMMUS, ambayo hisa zake nyingi ni za Zijin ya Uchina na nyingine ni za Gécamines yenyewe. Septemba 2023 shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la Kolwezi liitwalo IBGDH, walitoa ripoti kuhusu uhamishaji wa watu kutoka maeneo ya machimbo, mtaa huo ukiwamo. Ripoti ilidai kwamba wakazi hawakushauriwa ipasavyo, na kwamba waliolipwa walieleza kuwa fidia haikutosha kuwapatia nyumba yenye hadhi kama ile waliyoiacha.

Hali hii bila shaka ni changamano. Kobalti ya Kongo, ambayo ni zaidi ya nusu ya yote inayochimbwa duniani, huingia katika betri za simu na za magari ya umeme. Na magari hayo hununuliwa ili miji ya mbali ipate hewa safi na istahili kuitwa endelevu. Bei inaposhuka nje, serikali ya Kinshasa nayo hujibu: Februari 2025 ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka mgao. Kila uamuzi wa aina hiyo unafika hadi kwenye sufuria ya familia ya mchimbaji wa Kolwezi. Lakini tazama: tumekwisha kuutaja uchangamano wote huu kwa sentensi nne, na kila sentensi ina mtendaji. Kumbe uchangamano hauzuii kutaja. Unadai tutaje wengi badala ya mmoja.

6.0 Mji Mwingine Unaohamishwa

Ili isidhaniwe kwamba mji kuhama kwa sababu ya mgodi ni jambo la Afrika peke yake, tuutazame kwa ufupi mji wa Kiruna, kaskazini ya mbali ya Uswidi. Kiruna nao ulizaliwa na mgodi, wa chuma, na mgodi huo unaichimba ardhi iliyo chini yake. Mwaka 2004 kampuni ya LKAB, mali ya dola ya Uswidi, ilitangaza kwamba sehemu ya mji italazimika kuondoka. Kazi ikachukua miaka mingi. Agosti 2025 kanisa la mbao la Kiruna, lililojengwa mwaka 1912, lilipakiwa zima juu ya magurudumu na kusafirishwa umbali wa kama kilomita 5 kwa siku mbili, watu wakitazama kandokando ya barabara.

Hatuwaoni watu wa Kiruna kuwa wastahimilivu kuliko wa Kolwezi. Tofauti iko katika sheria na katika kitenzi. Sheria ya Uswidi inamlazimisha mchimbaji kulipia madhara anayoyasababisha, na kwa hiyo sentensi ya Kiruna ni hii: kampuni inauhamisha mji. Sentensi ya Kolwezi mara nyingi ni hii: wakazi wamehama. Katika ya kwanza, kampuni ni kiima nayo ndiyo inayolipa. Katika ya pili, wakazi ndio kiima, na kampuni haimo kabisa. Hata huko Uswidi si wote walioridhika. Wasami, ambao wamefuga kulungu wa baridi katika nchi ile tangu kabla ya mgodi, wamelalamika kwamba malisho yao yanamegwa. Hilo linathibitisha hoja badala ya kuibomoa: kila mji unaosifiwa kuwa stahimilivu una mtu ambaye sentensi haijamtaja.

7.0 Pingamizi na Pendekezo

Yaweza kupingwa kwamba sayansi inahitaji nomino, na kwamba istilahi haiwezi kubeba historia yote ya watu. Tunakubali. Mhandisi anayechunguza kama daraja litahimili mafuriko anahitaji neno moja, na ustahimilivu linamfaa, kwa sababu daraja kweli hubeba. Vile vile hatupendekezi kulifuta neno lililokwisha kuenea. Istilahi haifutwi kwa makala. Shida yetu ni pale neno la daraja linapohamishiwa kwa mtu bila kuonywa.

Tunachopendekeza ni utaratibu wa kutafsiri na kufundisha. Kila mara nomino mojawapo kati ya hizi tatu inapoonekana katika hati inayohusu mji wenye watu, mfasiri airudishe kwanza katika kitenzi na kuinyambua. Kiswahili kina hazina ya unyambuaji ambayo Kifaransa na Kiingereza havina, na ni ajabu kuiacha ghalani. Kustahimili: wakazi wanabeba nini? Kustahimilisha: nani anayewabebesha? Kustahimilika: je, jambo lenyewe linabebeka, au limekwisha kupita kiasi? Kadhalika kwa endelea. Kuendelea: ni kipi kisichokoma? Kuendeleza: nani anakifanya kisikome, na kwa faida ya nani? Kuendelezwa: nani anafanyiwa? Hati ambayo haiwezi kuyajibu maswali haya kwa Kiswahili haijawa tayari kusomwa mbele ya mkutano wa wakazi, hata kama Kifaransa chake hakina dosari.

Jambo hili si geni katika lugha yetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo yaliyopigwa chapa kwa taipureta yalichapishwa upya na kufafanuliwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Yav hakuuita mswada wake historia. Aliuita kwa Kifaransa Vocabulaire, yaani msamiati wa mji. Wasomi wengine wameliona jina hilo kuwa la ajabu. Sisi tunaliona kuwa sahihi. Mtu aliyefanya kazi katika nyumba za wengine alifahamu kwamba kuueleza mji ni kwanza kushika haki ya kuyataja mambo yake, na kwamba mwenye kutaja ndiye huamua nani alijenga na nani alihudumiwa. Msamiati wa sasa wa mustakabali wa miji umeandikwa mbali na Kolwezi. Kuupokea bila kuuhakiki ni kuirudisha nyuma kazi aliyoianza Yav.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba uendelevu, ustahimilivu na uchangamano ni maneno yenye historia tofauti, na kwamba yalipotafsiriwa yalibadilika. La kwanza lilipata maana mbili ambazo mgodi unazitumia zote. La pili liliacha kurudi likachukua kubeba. La tatu liliacha utaratibu likabaki na mchanganyiko. Tumeonyesha pia kwamba lugha ya wenyeji, kuanzia Bana Shaba hadi Kifungu cha 15, imekwisha kuyasema mambo haya kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu haiogopi kutaja mtendaji.

Idara za Kiswahili zitaendelea kuombwa kutafsiri mipango ya miji, tathmini za mazingira na mikataba ya fidia. Kazi hiyo huonwa kuwa ndogo, ya kujipatia kipato cha ziada. Lakini tukumbuke mkutano wa mtaani: mwakilishi anasoma, mkalimani anatafsiri, mkazi anatakiwa kutia sahihi au kidole gumba. Akiambiwa kwamba mradi utaongeza ustahimilivu wa jamii yake, atasikia kwamba anaombwa kuvumilia, na atakuwa amesikia vizuri. Wajibu wa mwanaisimu ni kuhakikisha kwamba kabla kidole hakijagusa wino, mkazi huyo ameambiwa, kwa kitenzi chenye kiima, ni nani atakayembebesha, ni mzigo gani, na kwa malipo gani.